Fundi Kasuku na Klachi Iliyogoma

Kwa miaka arobaini Fundi Kasuku alifunga vyuma huku akisema. Haikuwa soga wala wimbo. Alitamka kila hatua kabla mkono haujaifanya: "Bolti ya juu. Sasa ya chini. Rudi ya juu, kaza." Fundi aliyemfunza aliamini kwamba ulimi ukitangulia, mkono haupotei njia. Wenzake walimcheka, wakampa jina la ndege, naye akalivaa kama kofia.

Jumanne hiyo asubuhi alikuwa kimya.

Mlangoni mwa karakana palisimama gari dogo jekundu la spoti, lenye viti viwili, la enzi ambazo gari halikuwa na kompyuta hata moja tumboni. Mama Sindano, mshonaji wa mtaa wa pili, alikuwa ameachiwa gari hilo na marehemu mumewe, naye alilitunza kuliko macho yake. Wiki tatu nyuma Kasuku alilishusha giaboksi, akaweka klachi mpya, akalirudisha likiingia gia bila kelele. Jana jioni Mama Sindano alipiga simu kwamba limegoma, na sasa limerudi likivutwa kwa kamba.

"Nikitia gia linasaga meno kama mtoto mwenye minyoo," alisema Mama Sindano. "Wewe ndiye uliyelizalisha, Fundi. Lisikilize mwenyewe."

Kasuku aliingia. Ndani kulinukia kitambaa kipya. Injini ikiwa imezimwa, gia zote ziliingia bila ubishi. Alipoiwasha na kukanyaga klachi, gia ya kurudi nyuma ilikataa kwa mkwaruzo uliomfanya binti yake, fundi mwenzake karakanani, akunje uso.

"Klachi haiachii," binti alisema. "Mguu unakanyaga, lakini injini na giaboksi bado zimeshikana."

Kasuku aliitikia kwa kichwa tu. Ndani ya giaboksi kuna beringi inayosukuma klachi, na beringi hiyo hushikwa na vibanio viwili vya waya, vidogo kama pini za nywele. Ukisahau kimoja, gari litatembea wiki chache, kisha beringi itahama na klachi itagoma. Siku ile, alipokuwa kwenye vibanio hivyo, simu ilikuwa imelia. Aliambiwa kwamba kaka yake mkubwa, fundi kama yeye, amepotea akitoka dukani, mwendo wa nyumba sita. Alipatikana jioni, lakini maneno yale hayakumtoka Kasuku. Tangu mwaka uliopita kaka alikuwa akisahau: kwanza majina, kisha spana, kisha njia. Kasuku alikumbuka kibanio cha kushoto. Cha kulia hakukikumbuka hata kidogo. Usiku kucha alikuwa ameapa kwamba akifungua na kukuta kimoja tu, ataweka spana chini siku hiyohiyo. Fundi asiyejua alichofunga ni hatari kwa watu.

"Tupime kijiti," binti alisema.

Nje ya giaboksi kuna kijiti cha chuma kinachosogea kila klachi inapokanyagwa. Kikisogea safari yake yote, milimita kumi na tatu, basi ubovu uko ndani, na ndani ni kazi ya mikono ya Kasuku. Kikisogea kidogo, ubovu uko huku nje.

Binti aliingia chini ya gari na rula. Kasuku alikaa kwenye usukani akafuta viganja kwenye suruali.

"Kanyaga, Baba."

"Nimekanyaga."

"Achia. Kanyaga tena."

"Unasoma ngapi?"

"Subiri, usinikimbize."

Mama Sindano alisimama kando, mikono kifuani, kama mtu aliye nje ya chumba cha daktari.

"Sita," ilisema sauti kutoka chini.

"Soma vizuri."

"Baba, macho yangu bado yana miaka ishirini na saba. Ni sita."

Kasuku alishusha pumzi ndefu aliyokuwa ameibeba tangu jana. Ubovu uko nje. Walitazama mafuta ya klachi, yamejaa. Walitoa hewa kwenye bomba. Halikutoka hata povu moja. Walipima tena, sita ileile. Basi Kasuku akarudi kwenye kiti, akakanyaga polepole, safari hii akiusikiliza mguu. Pedali haikugota chuma. Iliishia laini, kama mtu anayekanyaga mto.

Aliinama, akapapasa. Chini ya pedali kulikuwa na zulia jipya la kijivu, lenye mshono maridadi pembeni, nene kama godoro la mtoto.

"Mama, hili zulia ni la lini?"

"La Jumamosi," alijibu kwa fahari. "Nimetia sponji tabaka tatu, miguu isipate joto. Limependeza, siyo?"

"Limependeza sana. Ndilo linalozuia pedali isifike chini."

Alilivuta nje. Kutoka chini ya gari binti alisoma kumi na tatu. Injini ikawashwa, na gia ya kurudi nyuma ikaingia kimya, kama mgeni mwenye adabu.

Mama Sindano alilitazama zulia lake, kisha gari. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," alisema, "na nguo nimeishona mwenyewe." Akachomoa mkasi kwenye mkoba, akaanza kukata tundu la pedali kwa uso wa mama anayemnyoa mtoto nywele za kwanza. Mwishowe akacheka, nao wakapata ruhusa ya kucheka.

Gari lilipokwisha kuondoka, Kasuku alimweleza binti yake habari ya kibanio cha kulia. Binti aliacha kufuta rula.

"Ulirudi kutoka kwenye simu ukasema, 'Cha kushoto kimeingia, cha kulia kimeingia.' Ukarudia mara tatu. Nilitamani nikuzibe mdomo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Tangu asubuhi hujatamka hata bolti moja. Nikadhani umenikasirikia."

Kasuku alikaa juu ya tairi kuukuu. Alikuwa mwepesi, kama aliyetuliwa gunia begani. Wiki tatu hakuwa amekwenda kwa kaka yake. Kumtazama kulikuwa kama kujitazama kwenye kioo cha kesho. Sasa alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akavaa shati safi.

"Unakwenda wapi na kazi ipo?"

"Kwa baba yako mkubwa. Nina kisa cha zulia, na yeye hupenda visa vya wateja."

"Atakisahau kesho."

"Basi kesho nitamsimulia tena," alisema, akatoka huku akijitamkia njia: "Kulia kwenye kinyozi. Kisha nyumba ya sita."