Nguzo ya Kati

Mwezi wa nane mwaka 1994 tuliangusha kanisa letu la udongo. Mume wangu, mmoja wa waliolijenga, tulikuwa tumemzika mwezi wa tatu mwaka huohuo, mvua zikiwa bado zinanyesha. Watu walinipa pole ya misiba miwili. Msiba wangu ulikuwa mmoja. Kanisa sikulililia.

Dhehebu letu la Kipresbiteri lililetwa kwenye mji wetu mdogo wa stesheni na fundi wa reli aliyetoka kusini. Mwanzo tulisali sebuleni kwake. Waanglikana walikuwa na jengo la mawe, Wakatoliki walikuwa na kengele, nasi tukawaonea wivu mpaka wanaume wetu wakajenga tembe refu, lenye paa bapa la udongo kama nyumba zetu za Kigogo. Kila nyumba ilileta boriti. Mume wangu alileta nguzo ya kati, gogo la mgunga alilolikata porini na kulikokota kwa ng'ombe. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini.

Paa la tembe hutaka udongo mpya kila mwaka kabla ya mvua. Mume wangu alianza na la kanisa. Alipomaliza huko mvua ilikuwa imeshafika, nami nilikuwa nikikinga matone kwa masufuria. Hata koti lake lilikaa kanisani, kwenye kigingi alichokipigilia katika ile nguzo kwa kimo chake.

"Nyumbani hakuna pa kulitundika," alisema.

Ilikuwa kweli, maana hakuwahi kuweka kigingi kingine.

Wifi yangu, dada yake aliyekaa jirani, alijua panaponiuma. Reli ilipogongwa alipita mlangoni kwangu akicheka.

"Wifi, mke mwenzio anaita!"

"Mwambie leo zamu yangu."

"Zamu? Yule mke mkubwa, zamu zote zake."

Nilicheka naye, lakini wivu nilikuwa nao kweli. Angekuwa mwanamke ningemsubiri kisimani tukamalizana. Ukuta utaugombezaje? Tena kila Jumamosi nilikwenda na wanawake wenzangu kuusiriba kwa mikono yangu mwenyewe, nikaufanya mzuri.

Ikaja miaka ya ruksa. Mabati, ambayo zamani uliyapata kwa kibali na kujuana, yakajaa kwenye duka la Mwislamu mmoja pale stesheni, ambaye ukoo wake ulifanya biashara tangu enzi za misafara. Kila dhehebu likataka kung'aa. Nasi tukafyatua matofali, tukajenga jipya pembeni, kisha ikafika siku ya kuliangusha la zamani. Tulikubaliana kila nyumba ichukue mti wake.

Paa lilipodondoka, wifi alijitupa vumbini akalia kuliko alivyolia makaburini. Wanawake wengine wakamfuata. Nilisimama nikiwatazama. Niliona hata kilio cha mume wangu kimekwenda kwa yuleyule mke mkubwa.

Ikabaki nguzo ya kati, kigingi chake kitupu tangu nilipolichukua koti baada ya mazishi. Mzee wa kanisa akanijia taratibu, kofia mkononi.

"Pole, mama. Tumeonelea hii isimame karibu na mimbari, kule kwenye kanisa jipya. Iwe kumbukumbu ya marehemu."

"Hapana, mzee. Naichukua."

"Mama, marehemu mwenyewe angependa..."

"Najua angependa. Ndiyo maana naitaka."

Wifi akainuka, akajikung'uta vumbi kwenye kanga. Nilingoja anitukane.

"Mpeni," alisema. "Mke mkubwa keshakufa. Mpeni mdogo naye apate."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na mzee akavaa kofia yake.

Ng'ombe waliikokota mpaka kwangu. Fundi alipoipima, ilizidi urefu wa nyumba yangu. Sehemu ya chini, iliyokuwa imezama ardhini, ilikuwa imeliwa na mchwa kiasi cha kupitisha mkono. Hata tusingelivunja kanisa, lingetuangukia. Aliikata huko chini, akaisimamisha sebuleni, akashindilia udongo kwa mguu.

Kigingi kilikuwa kimeshuka, kikaja usawa wa bega langu. Nikalitoa koti sandukuni, nikalitundika.