Kidude cha Waifai na Boksi Lisilo Lake

Mimi nina kiherehere, siwezi kukana. Ndiyo maana nilimwahidi mama mmoja wa Kichaga, mwenye duka la vitenge Kariakoo, kwamba kabla ya saa saba mchana ataiona stoo yake ya ghorofa ya tatu kwenye skrini, akiwa amekaa kitini dukani. Magoti yalikuwa yanamuua, na ngazi zile alizipanda kila mteja alipotaka mzigo. "Jaribu, mwanangu," alisema. "Ikifika saa saba namwita fundi mwenye cheti." Nilikuwa nimeacha ajira miezi minne nyuma, nyumbani wakinicheka, na huyu ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza.

Kompyuta niliyopandisha stoo ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, bei chee, katika zile zilizofurika mjini tangu biashara iwe huria. Nikaiunga kamera, ikawaka. Waifai wapi! Niliweka draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kidude cha waifai, kama boksi la kidude lilivyoandikwa. Kimya. Nikaifuta, nikaiweka tena. Kimya! Saa tano na nusu nilikuwa nakitukana kidude kwa sauti.

Nikateremka mbio mpaka kwa mzee wa Kihindi aliyeniuzia, mtaa wa pili. "Shikamoo mzee. Kidude chako kibovu!"

"Marahaba. Kibovu wapi, binti? Si tulikijaribu hapa hapa, taa ikawaka?" Kweli, iliwaka. Kisha akaongeza kwa upole, "Ila boksi lake lilichanika, nikakutilia kwenye lingine. Zuri zaidi."

Jamani! Nilitaka kulia, nikacheka. Pasi, redio, viatu, Kariakoo kila kitu huingia boksi lolote lililo zima. Na mimi, mzaliwa wa hapo hapo, nimeamini maandishi!

Nikarudi stoo, nikaiamuru kompyuta yenyewe initajie namba ya chipu iliyo ndani ya kidude. Ikaitaja. Tofauti kabisa na ya boksi! Nikakimbilia intaneti kafe karibu na Mnazi Mmoja, nikapakua draiva yake kwenye flashi, nikarudi nikipanda ngazi mbili mbili. Saa saba kasoro dakika tano taa ya kidude ikaanza kupepesa, waifai imekamata, nikapiga kigelegele peke yangu katikati ya marobota.

Niliposhuka, mama alikuwa ameinamia skrini, simu sikioni. Stoo yake yote ilikuwa pale mbele yake. Nikasimama mlangoni nikihema.

"Hapana, baba, usije," alimwambia fundi mwenye cheti. "Nina fundi wangu."