Mashine imerudi nyuma wiki tatu, na shahidi wetu tumeshamzika

Amahoro, amani kwenu nyote. Admin, naomba usitaje jina langu wala la ofisi yetu, hapa Rumonge tunafahamiana. Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne. Nilizaliwa Tanzania ukimbizini, nikasoma huko, nikamalizia shule huku baada ya wazazi kurudi. Ni karani katika ofisi ndogo ya upatanishi wa mashamba. Wanaokuja kwetu ni watu waliorudi wakakuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na hao wengine pia, ambao wamezeekea juu ya ardhi hiyo. Kazi yangu ni kuandika wanayosema mashahidi.

Tunaandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Zamani tulitumia karatasi, maneno yakavuja, watu wakatishana. Shefu, mkuu wa ofisi yetu, akaamua kwamba hakuna daftari tena, na ushahidi hautachapwa mpaka siku ya kikao, usomwe mbele ya pande zote mbili, ndipo shahidi aweke kidole. Maandishi yote yamo kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayofanya kazi ndani ya kompyuta nyingine. Fundi wetu wa Bujumbura aliipanga hivyo ili ikiharibika tuirudishe kwenye picha yake, hali ile iliyokuwa nayo siku fulani ilipokuwa nzima.

Wiki iliyopita, asubuhi, ikagoma kufunguka. Shefu alikuwa Bugarama kwenye kikao. Mimi nilishamwona fundi akifanya kazi hiyo, nikajiona naweza. Nilidhani picha inarudisha programu tu na maandishi yetu yanabaki. Nikachagua picha ya wiki tatu nyuma. Mashine ikaniuliza kama nataka kwanza kuhifadhi hali ya leo. Nikaona diski imekaribia kujaa, nikaondoa alama ya kukubali.

Ikafunguka, lakini nzito ajabu. Nabofya, nahesabu hadi sitini, dirisha halijafunguka. Asubuhi nzima nikahangaika na uzito huo. Nikagundua diski ya kompyuta kubwa haina nafasi, tena mashine pepe imepewa kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, nyingi kuliko ile kompyuta inavyoweza kuitoa, kwa hiyo zote mbili zinanyang'anyana. Nikafuta mafaili ya zamani, nikaizima kabisa, nikaipunguzia kumbukumbu, nikaiwasha tena. Ikawa nyepesi. Nilifurahi, wallahi niliimba peke yangu. Halafu nikafungua orodha ya ushahidi, nikaona inaishia wiki tatu nyuma. Hata saa na tarehe ya mashine zilikuwa nyuma wiki tatu, maana fundi aliipanga isifuate saa ya kompyuta kubwa.

Nikampigia fundi. Akaniuliza kama nilipiga picha ya leo kabla ya kurudi nyuma. Nikamwambia hapana.

"Basi dada," akasema, "hali ya leo imefutika, na mashine imeshaandika juu yake. Uombe Mungu isiwe kuna kitu ulikuwa unakitaka."

Mashahidi wengine niliwaita tena, nikasingizia kwamba nahakiki maelezo, wakayarudia. Mmoja siwezi kumwita. Alikuwa mzee wa Minago, mkamuaji wa mawese, aliyeletwa kwetu kwa baiskeli. Ndiye peke yake aliyekumbuka mpaka kati ya Mama Jeanine, mjane aliyerudi kutoka Tanzania, na Baba Révérien, aliyeitunza michikichi ya shamba hilo tangu Mama Jeanine akiwa mtoto ukimbizini. Pande zote mbili zilimkubali. Nilipokuwa naandika kwa haraka alinicheka. "Andika polepole, mwanangu, mimi sikimbii." Wiki iliyofuata akafariki. Shefu aliwaambia wote wawili kwamba mzee amekufa lakini maneno yake yapo, naye atayasoma Alhamisi hii.

Mengi nayakumbuka. Michikichi ya juu ilipandwa na baba yake Mama Jeanine, ya chini Baba Révérien aliipanda mwenyewe. Ila kuna jiwe la kukamulia mawese katikati. Mzee alisema mpaka unapita upande wa juu wa jiwe au upande wa chini? Kando ya jiwe hilo baba yake Mama Jeanine amezikwa, na hatua chache kutoka kaburini Baba Révérien amejenga nyumba; mpaka ukipita juu, kaburi linaangukia kwake, ukipita chini, nyumba inaangukia kwa Mama Jeanine. Nimejaribu kulikumbuka neno hilo moja hadi kichwa kinauma. Nasikia sauti yake vizuri, neno lenyewe silisikii.

Na kuna jambo naogopa hata kulisema. Nikiandika ushahidi ule leo, mashine yenyewe itauwekea tarehe ya wakati mzee alipokuwa hai. Hakuna atakayejua. Jana niliandika karibu ukurasa mzima. Nilipofika kwenye jiwe, nikafuta yote. Mimi ni mtoto wa waliorudi. Nikigundulika, nani ataamini kwamba nilikosea tu? Watasema niliyafuta maneno ya mzee ili niwape watu wangu shamba. Na huku watu wameshatoana damu kwa mpaka wa hatua tano.

Baba Révérien alipita juzi, akanitania mlangoni. "Karani, hiyo mashine yako uilishe vizuri, imebeba nyumba yangu."

Leo amekuja Mama Jeanine na ndagala wakavu, dagaa wa hapa kwetu, wamefungwa kwenye gazeti. Nikamwambia hatupokei zawadi. Akacheka, akasema si zawadi, ni mboga. Kisha akaniuliza, "Maneno ya mzee iko?"

"Iko, mama."

"Murakoze, asante mwanangu." Akaenda zake.

Shefu hajui. Tarehe ya mashine ningeweza kuisahihisha kwa kubofya mara mbili, na mpaka sasa sijaisahihisha. Kila asubuhi naiwasha, naona bado iko wiki tatu nyuma, mzee hajapanda baiskeli kuja kwetu.

Ndugu zangu, nimwambie shefu ukweli na wale wawili wabaki bila shahidi, au niandike ninachokumbuka? Na kwenye jiwe niandike nini? Nishaurini kabla ya Alhamisi.