Nilivyokwenda Queensbury kumposea dada yangu mchumba wa kike

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mliojifungia chooni mkisoma simu.

Ninayoleta hapa yamenikuta mimi mwenyewe, si yale ya "kuna jamaa yangu mmoja". Nimebadilisha majina tu.

Najua kuna watakaoingia na mawe mkononi wakishaona kichwa cha uzi. Nao karibuni, ila someni mpaka mwisho ndipo mrushe.

Naishi Hayes, napiga kazi warehouse karibu na airport. Nina mdogo wangu wa kike, nimwite Stella, yeye ni nesi. Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo hapa London mkubwa wa familia ni mimi, nipende nisipende.

Mwaka jana nilioa. Wife ni Mbongo mwenzangu, tukafanya yote: kamati, send-off, ndafu, MC wa kelele. Baada ya hapo nikajiona mtaalamu. Watu wakawa wananipigia kuuliza venue nzuri, mpambaji, nani anachoma ndafu ikaiva huku Ulaya.

Basi siku moja Stella akaja home, akakaa jikoni, akasema, "Kaka, mimi na Naomi tunafunga ndoa."

Naomi namfahamu miaka. Ni Mkenya, kazaliwa hapa hapa, wazazi wake ni wa kutoka Voi na wanaishi Queensbury, London hii hii. Kwamba wako pamoja nilishajua kitambo. Sitadanganya kwamba siku ya kwanza nilifurahi, lakini hiyo ilishapita, nilimzoea shemeji yangu.

Kwa hiyo nikaanza kumwaga ideas. Register office, kwa msajili wa ndoa, asubuhi, watu wachache. Mchana hall hapa Hayes.

Mabibi harusi wawili waingie kwa milango miwili, wakutane katikati ya ukumbi, hapo ndipo muziki ufunguliwe. Wazee wa pande zote wakae meza moja. MC apigwe marufuku kusema "upande wa bwana harusi", aite watu kwa majina yao.

(Hizi chukueni hata nyie mnaooana bwana na bibi. Kwenye harusi yangu pande mbili zilikaa kama mashabiki wa timu pinzani, mpaka keki inakatwa hakuna aliyemsalimia mwenzake.)

Naomi alinisikiliza vizuri. Alipoongea akasema, "Kaka, it's all lovely. Lakini somebody has to come and ask my dad. Properly. Siwezi kuondoka kama nimetoroka."

Hapo nikaanza kutoka jasho.

Baba yake ni mzee wa kanisa, dereva wa basi mstaafu. Naomi alishamwambia kila kitu. Mzee hakugomba, hakufukuza mtu. Alinyamaza tu. Akawa anamuuliza habari za kazi, anamuuliza kama amekula, lakini jambo lenyewe haligusi kabisa.

Stella akanivuta pembeni siku hiyo. Akaniambia mzee akikataa, Naomi ataahirisha. Na akiahirisha, harusi haitakuwepo tena. "Namjua, kaka. Hawezi kumvunja moyo baba yake."

Kwa hiyo wakuu, harusi nzima ya mdogo wangu ikawa imekaa kwenye mdomo wangu mimi. Mimi ambaye hata supervisor akiniita ofisini nasahau Kiingereza.

Mshenga haendi peke yake. Nikamwomba Mama Koku, mama yetu wa hapa Hayes, mtu mzima anayejua taratibu. Akakubali. Nilitarajia maswali, hakuuliza hata moja. Alinipa sharti moja tu: "Ukifika kwa watu kuposa, usionje kitu chao mpaka wakujibu. Hata maji. Mshenga anayekula kabla ya jibu ana njaa yake, hana ujumbe."

Nikalishika hilo sharti kwa mikono miwili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mvua ya rasharasha. Stella akang'ang'ania kuja. Nikamwambia mwenye kuposa haendi, akasema basi mnishushe kituoni Queensbury nisubiri hapo. Tukamwacha kituoni kajikunyata na koti lake.

Njia nzima narudia maneno kimoyomoyo. Nilikuwa nimekariri hotuba ya kishenga, ya kuona ua kwenye bustani ya watu.

Tukapokelewa. Nikasema shikamoo, mzee akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida. Mama Naomi akatukalisha sebuleni. Chai ikaletwa, ya maziwa, na mahamri ya moto. Tukaongea foleni ya barabara ya A40, tukaongea mvua. Naomi yuko chumbani juu, namsikia anatembea huku na huku.

Kisha ikafika zamu yangu, na hotuba yangu yote ikayeyuka. Ua sikuliona, bustani sikuiona. Nikajikuta nasema tu, "Mzee, dada yangu anampenda binti yako na binti yako anampenda dada yangu. Tumekuja kukuomba."

Mzee hakunitazama. Alitazama kikombe changu.

"Chai yenu inapoa," akasema.

"Asante mzee. Tutakunywa tukishapata neno lako."

Wakuu, niliona uso wake unafunga. Akasema "Sawa", akainuka taratibu, akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akaenda kusimama bustanini na mvua ile ile.

Nikajua imekwisha.

Nilitoa simu nimwandikie Stella, nikaandika, nikafuta. Unamwandikiaje mtu aliyesimama kituoni kwamba baba mkwe ametoka nje bila kujibu? Nikajilaumu kwa nini sikumtafuta mtu mwenye maneno. Nikaanza kutengeneza hasira pia, kwamba hawa watu wa dini ndio walivyo.

Mama Naomi ndiye aliyeniokoa. Alikuwa anakunja kitambaa mapajani, akasema polepole, "Mwanangu, kwetu mgeni akikataa chai yako, amekukataa wewe. Na hiyo chai sikupika mimi. Baba Naomi ameichemsha mwenyewe. Alitoka asubuhi kwenda kutafuta iliki."

Nikamgeukia Mama Koku. Yeye akajibu, "Kwetu ndiyo heshima, mama. Kutokula ndiyo kuonyesha umekuja na jambo zito."

"Kwetu ndiyo dharau," Mama Naomi akasema.

Wakatazamana, wamama wawili wazima. Mama Koku akachukua kikombe chake akanywa.

Mimi nikainuka na cha kwangu, nikamfuata mzee nje. Chai ilishapoa, juu imefanya utando. Nikainywa yote mbele yake, na mvua inaingia ndani ya kikombe.

"Mzee nisamehe. Nimefundishwa hivyo."

"Umefundishwa kukataa chai?"

"Nimefundishwa kusubiri jibu."

Halafu akaongea akiangalia ukuta wa jirani. "Kijana, wiki hii yote sijapata usingizi. Nilijua nyinyi mnakuja kunisomea sheria za hapa, ati watoto ni watu wazima, nikitaka nisitake. Nikasema ngoja, pengine wanakuja kuomba kama watu. Nikawapikia. Sasa mnakaa kwangu hamgusi kitu. Nikaona hawa hawajakuja kuomba. Wamekuja kunipa taarifa."

Mimi nilikuwa namwogopa yeye, kumbe na yeye alikuwa ananiogopa mimi.

"Tumekuja kuomba, mzee," nikasema. "Ukikataa, hakuna harusi. Naomi mwenyewe kasema hawezi kuondoka kama ametoroka."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Akarudi ndani. Akasimama chini ya ngazi, akamwita binti yake. Naomi akashuka, macho mekundu.

"Naomi, wageni hawa unawajua?"

"Yes, Dad."

"Walichokuja kutafuta, unakijua ama hukijui?"

"I know, Dad."

"Niwajibu nini?"

Naomi ni mtoto wa London, Kiswahili cha baba yake huwa anakijibu kwa Kiingereza. Lakini hapo alisema, "Wajibu ndiyo, baba. Tafadhali."

Mzee akakaa kwenye kiti chake. Sote tumesimama.

"Nimesikia," akasema.

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaniuliza huyo dada yangu yuko wapi saa hizi. Nikamwambia yuko kituoni.

"Mtoto wa watu mmemwacha kituoni na mvua hii? Mleteni ale."

Naomi alitoka mbio na slippers.

Tulikula wote. Mzee alimwekea Stella mahamri mwenyewe, akamuuliza shift za hospitali zikoje. Mambo ya harusi hakuyagusa.

Na hapo ndipo hofu ilipoanza upya, wakuu. Kwa sababu "nimesikia" si ndiyo. Wiki zikapita. Tukalipia hall, tukapata MC, na kila tukipanga meza ya wazee Naomi anasita kuandika jina la baba yake. Nikimpigia Mama Naomi, ananiambia, "Bado hajasema kitu." Nikawa naota MC anaita wazazi na mtu hatokei.

Juzi niko kazini, simu ikaita. Namba ya mzee. Nikapokea nikijua anajitoa rasmi.

"Kijana, wewe ndiye mshenga, kwa hivyo nakuuliza wewe," akasema. "Mama Naomi ameshonewa nguo ya sare ya wazazi. Kitambaa kilichobaki huko kwenu kinanitosha mimi? Ujue mimi ni mnene."

Nilikaa chini kwenye pallet nikalia kama mtoto, supervisor akanipita akajifanya hajaniona.

Nilichojifunza: ukienda kwa watu, usiende na hofu yako tu, uliza na wao wanaogopa nini. Na mnaopanga harusi ya watu wa makabila mawili, wawe mke na mume au wawe kama hawa wangu, kabla ya kuulizana rangi za mapambo ulizaneni kwanza mgeni kwenu anapokewaje. Mimi nusura nivunje ndoa ya mdogo wangu kwa kikombe cha chai.

Harusi ni mwezi ujao. Kitambaa nilikipima jana, hakimtoshi, na duka limeishiwa. Mzee bado sijamwambia.

Mwenye kujua fundi yeyote London anayeweza kuunganisha kitenge kisionekane kimeungwa, tafadhali atupie hapa chini. Wenye mawe nao sasa wanaweza kurusha, ila wa fundi watangulie.