Masikio ya Bi Nalini

Siku yangu ya kwanza kazini Doha nilipewa sare iliyonipwaya mabegani nikawekwa mlangoni mwa hoteli moja ya West Bay, niwafungulie wageni na kuwasalimu kwa Kiarabu changu cha madrasa. Nyumbani Mombasa nilikuwa mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za mkono, katika vikundi vya taarab tangu ujana wangu. Lakini watu wa harusi walikuwa wamegeukia muziki wa mashine, nami nilikuwa na watoto wa kusomesha, kwa hiyo tabla nikaziacha na kuja kuwa gadi, kama wengi wenu mlivyokuja.

Jioni ile, ndani ya ukumbi wa mapokezi, mama mmoja wa Kihindi alikuwa amekaa peke yake akipiga sitar. Kwa msioijua, hiyo ni ala yenye shingo ndefu iliyoungwa na buyu kubwa lililokaushwa. Nyuzi zake chache za juu ndizo zinazopigwa. Chini yake ziko nyingine nyembamba ambazo hazipigwi, ila hulia zenyewe zinaposikia sauti inayolingana nazo. Nilisahau wageni. Vidole vyangu vikaanza kumfuata kwenye ubao wa mlango, na gadi mwenzangu akaninong'oneza niache kabla msimamizi hajaniona.

Mama yule alipomaliza alikuja hadi mlangoni, akavitazama vidole vyangu, akaisoma beji yangu yenye jina na mji nilikotoka.

"Wewe wa Mombasa sehemu gani?" akaniuliza, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa.

"Majengo, Bi."

"Mimi nimezaliwa Makadara. Una tabla zako?"

Nilimwambia nimeziacha nyumbani. Akasema basi zitatafutwa.

Huyo ndiye Bi Nalini. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Mombasa, akampeleka India angali msichana akafundishwe sitar na ustadhi mkali. Aliniambia kwamba kwa muda mrefu ustadhi huyo hakumruhusu kupiga wimbo wowote. Alimtaka apige sauti moja tu hadi aijue. Aliporudi aliolewa na mhandisi, mhandisi akapata kazi Doha, na jukwaa likaishia hapo. Mumewe alipofariki, alimwendea meneja wa burudani wa hoteli ile, Mlebanoni mpole wa maneno, akaomba kona ya kupigia.

Meneja huyo ndiye aliyenitoa kwenye kampuni ya ulinzi akanipa mkataba wa hoteli nimpigie Bi Nalini tabla, baada ya barua nyingi na kusubiri kwingi. Siku ya kuanza alitwambia, "Sitaki mgeni ageuze kichwa. Pigeni kama yale maji ya chemchemi pale ukumbini." Bi Nalini alimwitikia kwa adabu, kisha akapiga alichotaka, ila kwa sauti ya chini.

Kwake nilijifunza kazi upya. Kwenye taarab mpiga tabla huubeba wimbo. Kwenye muziki wake nilitakiwa kwanza kunyamaza. Sehemu ya mwanzo huitwa alapu. Haina mapigo. Mwenye sitar huwa anaitafuta njia polepole, na mpiga tabla hukaa kimya, mikono mapajani, hadi aitwe. Kugusa tabla wakati huo ni kama kumkatiza mtu anayeswali. Nilijifunza pia kwamba nyuzi hazipendi mji huu. Ukiitoa sitar kwenye joto la nje ukaiingiza kwenye baridi ya viyoyozi, nyuzi zinahama, na lazima uipumzishe kabla ya kuzikaza.

Tulipiga hivyo kwa miaka mingi. Wanangu walisoma, wakaoa na kuolewa.

Kisha nikaanza kusikia kwamba nyuzi zake nyembamba hazikai mahali pake. Wageni hawakutambua, wala meneja. Mimi nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, sijui nilianze vipi, hadi mwenyewe akaniuliza wakati tunajiandaa: "Salim, huu uzi mwembamba umekaaje?"

"Umepanda sana, Bi."

Hakuwa na mshangao wowote usoni. Alisema daktari amekwishamwambia kwamba masikio yanakwenda, yanaanzia kwenye sauti za juu, na kwamba kile kifaa cha sikioni kinamgeuzia muziki ukawa kelele. Toka siku hiyo tulipatana. Akikaza nyuzi ananitazama. Nikiinua kidole, akaze, nikikishusha, alegeze. Hatukumwambia mtu.

Ndipo ulipokuja mwaliko. Ukumbi mmoja wa utamaduni ulimtaka apige onyesho zima, watu wamekaa kimya wakimsikiliza yeye tu. Alikuwa akilingoja jambo hilo tangu aliporudi kutoka India. Nilimwona akizipanga sari zake kitandani kama bibi harusi, nikaomba Mungu amvushe.

Tuliikaza sitar vizuri nyuma ya jukwaa. Lakini ukumbini baridi ilikuwa kali na taa zilikuwa na moto, na alapu haijafika mbali, nyuzi zikaanza kuteleza. Nilimwinulia kidole. Hakukiona, kwa sababu alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona tena kwake. Watu wa mbele, waliojua muziki, wakaanza kutazamana. Nilijua nikimstua, siri yetu itatoka mbele ya ukumbi mzima na kazi yake itakwisha. Nikinyamaza, atamaliza akiwa na furaha ile ile, na walio mbele wataondoka na habari zake.

Nikapiga tabla, pigo moja zito la mkono wa kushoto, ambalo nilijua atalihisi mwilini.

Alifumbua macho. Alinitazama kwa muda, kwanza kwa hasira, kisha akaelewa. Akainyanyua sitar kutoka mapajani mwake akanipa mbele ya watu wote. Mpiga sitar haazimi mtu sitar yake jukwaani. Niliikaza, nikamrudishia, akaianza alapu upya.

Ndani ya teksi, tukikaribia kwake, mtaa wa Al Sadd, alinigeukia.

"Ungeniacha," akasema, "ningelala leo nikidhani nimepiga vizuri."

"Ndiyo, Bi."

"Na wewe ungekuwa unajua."

"Ndiyo."

Akanigusa bega. Hilo lilikuwa jambo la kwanza na la mwisho la namna hiyo baina yetu.

Habari zilimfikia meneja. Hakumfukuza, ila mkataba ulipokwisha hakumpa mwingine. Mimi nilitaka kuondoka naye, lakini alinikataza, akasema nina watu wanaonitegemea. Nikabaki hotelini nikimfuatisha mpiga kinanda, hadi nilipostaafu mwaka huu.

Kila Ijumaa baada ya swala nilikwenda Al Sadd. Alikuwa ameanza kufundisha. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Leela, nesi kutoka Kerala, wakafuata wengine wachache. Mimi nilikaa pembeni nikisema, "Juu. Chini. Sawa." Yeye alilaza kiganja juu ya buyu akizisikiliza nyuzi kwa mkono, na mara nyingi aligundua kosa kabla yangu.

Alifariki kiangazi kimoja, usingizini. Ndugu zake waliusafirisha mwili. Sitar alimwachia Leela.

Baada ya wiki mbili narudi Mombasa. Vijana wa mlangoni huniuliza nimepata nini huku miaka yote hii, nami huwatajia nyumba na watoto, kwa sababu ndiyo majibu wanayoyataka. Ijumaa iliyopita nilikwenda kumuaga Leela. Sasa yeye ndiye mwalimu, na sebule yake imejaa watu wanaojifunza, wote wenye masikio mazima. Kabla ya kupiga, kila mmoja alifumba macho akalaza kiganja juu ya buyu lake, akatulia. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini wanafanya hivyo. Akanijibu kwa heshima kwamba ndivyo sitar inavyopigwa.

Nikamwambia ni kweli.