Mkono wa Amani wa Bibi Koleta

Usiku ule nililala na viatu miguuni, begi likiwa tayari mlangoni. Alfajiri ningedandia lori lililoleta mkaa, nihame kama kawaida yangu. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mji nikauzoea. Pale chuo kikuu cha Kanisa nilikuwa naosha masufuria ya bwalo.

Aliyenikalisha pale ni Deo, mwanafunzi, mwimbaji wa kwaya. Jioni aliketi juu ya ndoo jikoni, nami namwuliza, "Leo mmefundishwa nini?" Ananieleza yote, kuanzia nyota mpaka sheria za Warumi. Kisha ikajulikana kwamba anampenda mwanamume mwenzake. Picha yao ikazungushwa kwenye simu. Hakuna aliyempiga. Ila kwenye Misa, alinisimulia, padri akisema tupeane mkono wa amani, benchi zima linageukia upande mwingine.

"Kesho wakinipita tena, narudi nyumbani," aliniambia Jumamosi ile. "Digrii wabaki nayo."

"Usikate tamaa."

"Wewe unayehama kila msimu ndiye unaniambia?" Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Basi nimelala. Nasugua sufuria, masizi hayatoki. Nainua macho, sufuria imekuwa kengele, nami nimo kanisani mchana kweupe. Mlangoni amesimama Bibi Koleta, aliyenilea, tuliyemzika wakati wa kuvuna maharage. Amevaa kanga yake ya Jumapili.

"Mbuzi wangu," anasema, "bado unakata kamba?"

"Bado, Bibi."

"Na umekonda."

Bibi alikuwa na kituko chake kule kigangoni kwetu. Wakati wa amani hakuridhika na jirani wa kushoto na wa kulia. Alizunguka kanisa lote, benchi kwa benchi, akatoka nje hata kwa walevi waliosimama ukutani, wanakwaya wakicheka, padri akimsubiri altareni. "Mungu hana haraka," alikuwa akisema.

Sasa anaanza. Anashika mikono ya wanafunzi, ya masista, ya wapishi wenzangu. Kanisa linarefuka, linakuwa shamba la maharage, linarudi kuwa kanisa. Benchi la mwisho ameketi Deo, peke yake, mikono mapajani. Bibi ananyoosha mkono. Unampita Deo kama moshi. Anajaribu tena. Deo anatazama sakafu, haoni kitu.

Sijawahi kumwona Bibi akishindwa na jambo.

"Wangu haushiki tena," anasema. "Wako unashika. Mpelekee."

"Bibi, naondoka asubuhi."

Anatazama viatu vyangu tu, muda mrefu, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Nikaamka mkono wa kulia umenyooka hewani. Kumekucha. Kengele ya Misa ilikuwa inalia, Misa ambayo sikuwahi kuihudhuria kwa sababu ya uji wa asubuhi, na nje lori linanguruma.

"We vipi?" dereva akapaza sauti. "Twende!"

"Tangulia, kaka. Nina salamu za mtu."

Nikaenda bombani. Nikanawa kwa sabuni ya vyombo, nikasugua masizi yote ya mkono wa kulia, mpaka ndani ya kucha.