Uwanja Uliofagiliwa

Juzi tulipofika kijiji cha Lusu kupima mionzi kwenye udongo, tulimkuta mama mmoja akifagia uwanja kwa ajili yetu. Nilitamani kumpokonya ufagio.

Mama yangu naye alifanya hivyo hivyo nilipokuwa mtoto. Uwanja wetu ulikuwa umejazwa mchanga wa kijivu ambao baba aliubeba kutoka machimboni ili kuzuia matope. Aliposikia wapimaji wa mionzi wanakuja, mama aliukwangua wote kwa jembe, akamwaga pale udongo mwekundu wa kichuguu, akaunyunyizia maji. Uwanja ukanukia kama mvua imepita.

"Mgeni hakanyagi uchafu," alisema.

Mchana mpimaji akaja na kimashine kilicholia tik, kikanyamaza, kikalia tena tik. Nilidhani kinapima usafi, na kila kiliponyamaza niliona fahari.

"Mama, hapa kwako ni salama," alisema, akiandika.

"Nilijua tu, mwanangu. Nimefagia tangu alfajiri."

Akacheka, akafunga daftari. Leo kazi hiyo ni yangu, na kicheko kile bado kinanikera, maana kuuliza swali moja kungemchukua muda mfupi kuliko kucheka. Hakuuliza alichofagia mama kimekwenda wapi. Kilikuwa pale pale kando ya jiko, rundo la kijivu lenye ubaridi mzuri, nami nilikuwa nimelikalia tangu asubuhi, nikitafuna karanga na kumpungia mpimaji mkono.